Mshono Usioacha Alama: Funzo la Sukari ya Thika

Tarehe 17 Mei 2023, Mkuu wa Utumishi wa Umma nchini Kenya, Felix Koskei, alitangaza kwamba maafisa 27 wa serikali wamesimamishwa kazi kwa sababu ya sukari. Sukari yenyewe ilikuwa magunia 20,000 ya kilo 50. Iliingizwa nchini mwaka 2018, ikatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu, na ikaamuliwa iuzwe kwa zabuni ili igeuzwe kuwa ethanoli ya viwandani. Ilikuwa imehifadhiwa katika ghala mjini Thika ikisubiri hatima hiyo. Kisha ikaachiliwa kinyume cha utaratibu. Waliosimamishwa walitoka katika taasisi zilezile ambazo mwananchi huzitegemea zimlinde: Shirika la Viwango, KEBS, mkurugenzi wake mkuu akiwemo, Mamlaka ya Ushuru, KRA, na nyingine kadhaa.

Kusimamishwa kazi si kupatikana na hatia, na hukumu tuiachie mahakama. Ninachotaka tukitazame ni dalili zilizokuwa wazi muda mrefu kabla ya siku hiyo, ambazo zilipitwa tu. Nazisema kwa sababu dalili hizohizo zipo katika stoo zetu, katika maduka ya jumla ya Makongeni na Kimbo, na katika viwanda vidogo vya chakula vilivyotapakaa kati ya Ruiru na Thika. Wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tutie maji mapema.

Kwanza tupime uzito wa jambo lenyewe. Magunia 20,000 ya kilo 50 ni kilo milioni moja. Familia inayotumia kilo mbili za sukari kwa wiki humaliza takriban kilo 104 kwa mwaka. Kwa hiyo mzigo ule mmoja ungetosha chai na uji wa familia zaidi ya 9,000 kwa mwaka mzima. Kosa la ghala moja linaweza kuingia katika vikombe vya mji mzima, na anayekunywa hana njia ya kujua.

Dalili ya kwanza ilikuwa muda. Kutoka 2018 hadi 2023 ni miaka mitano. Kitu kilichokataliwa kinapaswa kuharibiwa au kugeuzwa upesi, kwa sababu kila mwezi kinapokaa, kumbukumbu hufifia. Walinzi hubadilika, maafisa huhamishwa, faili husukumwa chini ya faili nyingine. Anayekuja baadaye hukuta magunia yamepangwa vizuri ghalani, na asiyejua historia yake huona bidhaa tu.

Tena usisahau mwaka huo 2018 ulivyokuwa. Mwaka uliotangulia, kwa sababu ya ukame, serikali ilikuwa imeruhusu sukari iingizwe bila ushuru, na ikaingia kwa wingi usio wa kawaida. Kufikia katikati ya 2018 polisi walikuwa wakivamia maghala, mawaziri wakibishana hadharani kama sukari ile ilikuwa na zebaki au haikuwa nayo, na mwezi Agosti Bunge likaikataa ripoti ya kamati zake huku kukiwa na madai ya hongo. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa kwamba sukari ni kitu cha hatari. Mzigo wa mwaka huo ndio ungestahili kulindwa kuliko mingine yote.

Dalili ya pili ilikuwa pesa. Mwaka 2023 bei ya sukari ilipanda hadi kilo moja ikavuka shilingi 200 katika maduka mengi. Kwa bei hiyo ya dukani, kilo milioni moja ni shilingi milioni 200. Kama malighafi ya ethanoli, mzigo huohuo hauwezi kufikia thamani hiyo. Pengo kati ya bei ya kitu kilichokataliwa na bei ya kitu halali likipanuka, kishawishi hupanuka nalo. Hapo ulinzi unapaswa kuongezwa. Hatuhitaji kuwa wapelelezi ili kuliona hilo; inatosha kusoma bei iliyobandikwa kwenye rafu.

Dalili ya tatu ilikuwa wingi wa walinzi. Taasisi kadhaa zilikuwa na sauti juu ya mzigo ule, na kwa mtazamo wa haraka hilo ni jambo jema. Lakini mlango wenye walinzi wengi huwa na hatari yake: kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyekagua. Huyu anaona sahihi ya yule, yule anaona mhuri wa huyu, na hakuna aliyesimama mbele ya magunia akayahesabu. Mambo haya hutokea hata katika biashara ya watu watatu. Mwenye duka humwamini dereva, dereva humwamini mpakiaji, mpakiaji humwamini mwenye duka.

Dalili ya nne ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi, kwa sababu ndiyo tunayoweza kuirekebisha sisi wenyewe bila kungoja mtu wa serikali. Sukari ikikataliwa na ikabaki ndani ya gunia, inafanana kabisa na sukari nzuri. Ni nyeupe, ni tamu, na gunia lake ni gunia. Tofauti yote iko kwenye karatasi, na karatasi iko ofisini.

Tulitazame gunia lenyewe. Gunia la kilo 50 tunaloliita la nailoni limefumwa kwa nyuzi bapa za plastiki. Ni imara, ni rahisi, halinyonyi unyevu upesi. Lakini mdomo wake hushonwa kwa mshono wa mnyororo wa uzi mmoja. Mshono huo ulibuniwa makusudi ufunguke kwa urahisi: ukiupata mwisho wake wa upande sahihi na kuuvuta, uzi wote huachia kwa sekunde chache bila kisu. Ni raha kwa mwokaji mikate aliye na haraka. Ni raha pia kwa mwenye nia mbaya, kwa sababu mashine ya mkono ya kushonea magunia hununuliwa bila swali, na uzi mweupe hupatikana popote. Atafungua, atachanganya au atabadilisha, atashona tena palepale, na macho ya mnunuzi hayataona kitu.

Ongeza jambo jingine. Magunia matupu yenye majina ya viwanda huuzwa kila siku, na watu hubebea viazi, makaa na mahindi. Hakuna ubaya katika kutumia kitu tena. Lakini ina maana kwamba jina lililochapishwa kwenye gunia halithibitishi kilichomo ndani. Linathibitisha tu kilichokuwamo siku ya kwanza. Kwa miaka mingi magendo ya sukari nchini yamepitia njia hii: sukari ya nje huhamishiwa katika magunia yenye majina ya viwanda vya hapa nyumbani, na mnunuzi husoma jina analolifahamu akatulia.

Ganda la yai ndilo mwalimu wetu hapa: likishapasuka, hata fundi gani hawezi kulirudisha lilivyokuwa, na mtoto mdogo ataliona. Kifungashio kizuri cha chakula kinapaswa kuwa na tabia hiyo. Hakihitaji kuwa kigumu kufungua. Kinahitaji kuwa kigumu kufungua bila kuacha alama. Mlango wa chuma humzuia mwizi, ilhali lakiri humwambia mwenye nyumba kwamba mwizi alipita. Katika chakula, habari hiyo ya pili ndiyo huokoa maisha.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa Septemba 1982, katika eneo la Chicago nchini Marekani, watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vya kutuliza maumivu. Mtu alikuwa amevifungua, akatia sayanidi, na kuvirudisha madukani. Kampuni ya Johnson & Johnson ilirudisha chupa zipatazo milioni 31 kutoka sokoni, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Chupa za wakati huo zilikuwa na vifuniko vya kawaida ambavyo mtu angeweza kufungua na kufunga bila kuonekana. Dalili ilikuwa mikononi mwa kila mnunuzi, na hakuna aliyeiona kuwa dalili, kwa kuwa ndivyo chupa zote zilivyokuwa.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, serikali ya Marekani ilitoa kanuni mpya kuhusu vifungashio vya dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ndani ya kanuni hizo mna mambo mawili ambayo mfungashaji wa Thika anaweza kuyachukua leo. La kwanza: alama ya usalama iwe ya pekee, isiwe kitu ambacho yeyote anaweza kukinunua dukani na kukibandika upya. La pili: pakiti yenyewe imweleze mnunuzi alama hiyo ni ipi, ili akiona haipo au imevunjika, ajue.

Nimetaja Thika kwa sababu ukanda huu ni ghala na jiko la Nairobi. Ruiru kuna maziwa, Thika kuna mafuta ya kupikia, unga, mikate, matunda ya mkebe. Viwanda vikubwa vina mashine zinazounda pakiti, kuijaza na kuifunga kwa mwendo mmoja, na ukiichana haiwezi kufungika tena ilivyokuwa. Lakini kando ya hao wako akina mama na vijana wanaofungasha maziwa ya mtindi, siagi ya karanga, asali, pilipili na juisi katika vyumba vya kukodi. Hao ndio ninaowaogopea, na ningekuwa mmoja wao huenda ningefanya vilevile wanavyofanya, kwa maana mtaji ni mdogo na faida ni senti.

Tuziangalie njia zao moja moja. Mfuko wa plastiki unaochomwa mdomo kwa mshumaa au kwa mashine ndogo ya joto ni safi, lakini mtu yeyote aliye na mshumaa anaweza kuukata juu kidogo na kuuchoma tena. Dawa yake ni rahisi: chapisha jina au nambari ya toleo ili mstari wa kuchoma upite juu ya maandishi. Ukikatwa, maandishi yanapungua na pakiti inakuwa fupi.

Utepe unaosinyaa kwa joto shingoni mwa chupa ni mzuri pia, ila ukiwa hauna maandishi hauna maana kubwa. Tepe tupu huuzwa kwa mafungu, na hewa ya moto huzisinyaza kwa dakika moja. Utepe uchapishwe jina lako. Kopo la mtindi lifungwe kwa foili iliyogandishwa kwa joto ukingoni, wala usitegemee kifuniko cha kubonyeza peke yake. Chupa ya juisi iwe na kifuniko chenye pete chini yake, ile inayoshikiliwa na vidaraja vidogo vinavyokatika mara ya kwanza kinapozungushwa. Na ukiona vidaraja haviachi, pete ikitoka pamoja na kifuniko, ujue mdomo wa chupa na kifuniko havikubuniwa pamoja. Watu wengi hununua chupa kwa muuzaji huyu na vifuniko kwa yule kwa sababu ya bei, na lakiri inakufa hapo.

Kwa gunia kubwa, weka mfuko wa ndani uliofungwa kwa joto kabla ya kushona mdomo wa nje. Pitisha mshono juu ya utepe wa karatasi uliochapishwa nembo yako na nambari ya mfululizo. Tumia uzi wa rangi ambayo umewatangazia wateja wako. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomzuia mtu kufungua. Zote zinamlazimisha aache nyayo.

Lakini tusijidanganye kwamba lakiri inatosha. Mwezi Februari 1986, miaka zaidi ya mitatu baada ya Chicago, mwanamke mmoja katika jimbo la New York alikufa kwa vidonge vya Tylenol vyenye sayanidi. Wakati huo dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa katika boksi lililogundishwa, chupa yenye utepe shingoni, na foili mdomoni: ngome tatu. Kampuni iliamua kuacha kabisa kuuza bila cheti vidonge vya aina ile inayofunguka katikati. Walielewa kwamba kinga ya nje haisaidii sana ikiwa kitu cha ndani chenyewe kinachezeka.

Hilo linaturudisha ghalani. Mzigo uliokataliwa haupaswi kubaki katika hali ya kuuzika hata siku moja. Spiriti ya kuchomea hutiwa rangi na kitu kichungu ili mtu asishawishike kuinywa. Chakula kilichokataliwa nacho kinastahili alama isiyofutika. Gunia lipasuliwe, lipigwe rangi pande zote, liandikwe kwa herufi kubwa kwamba si la kuliwa. Unga ulioharibika katika stoo yako nao usiwekwe pembeni ndani ya pakiti zake nzuri kungoja siku ya kutupwa. Chana pakiti kwanza. Siku utakayokuwa safarini, kijana mpya wa dukani atakuta furushi la pakiti 12 limekaa vizuri, ataliweka kwenye rafu bila nia yoyote mbaya.

Kama mtu anadhani naongeza chumvi, akumbuke Kirinyaga. Mwezi Februari 2024, miezi tisa tu baada ya tangazo la Koskei, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe katika kijiji cha Kangai. Serikali ilisema pombe ile ilitoka katika vizibiti vilivyokuwa vimehifadhiwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri. Ni kisa kilekile kwa sura nyingine: kitu kilichokamatwa kwa sababu ni hatari kiliwekwa kikiwa bado kinanyweka, kikalindwa na watu badala ya kuharibiwa, kikarudi mitaani. Safari hii kulikuwa na makaburi.

Sasa nizungumze nawe unayenunua. Lakiri ni barua, na barua isiyosomwa haina kazi. Kabla ya kupokea gunia, tazama mshono: je, kuna matundu ya sindano yasiyo na uzi, nyuzi za rangi mbili, au mshono uliopinda pasipo sababu? Tazama kama tarehe na nambari ya toleo zipo na zinasomeka. Bei ikiwa chini sana kuliko ya soko na muuzaji hataki kutoa risiti, hiyo si bahati. Ukiona alama ya ubora ya KEBS, usiishie kuiona. Tuma nambari ya kibali iliyo chini yake, ikitanguliwa na SM#, kwenda 20023, na utajibiwa ni bidhaa gani na ya kampuni gani. 

Na ukikuta kifuniko kimelegea au foili imetoboka, usirudishe chupa kwenye rafu ukachukua nyingine. Mpe mwenye duka mkononi, mwambie kwa upole, na mwombe aiondoe. Akikataa, ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Wengi wetu huona haya kufanya hivyo, tukidhani tutaonekana wagomvi. Haya hiyo ndiyo humpa mdanganyifu nafasi ya kuuza chupa ileile kwa mtoto wa jirani.

Ukimaliza kutumia, usitupe kifungashio kikiwa kizima. Kata gunia mdomoni, toboa chupa, chana lebo. Kinachofika jaa la taka la Kang'oki, Thika, kikiwa na sura nzuri kinaweza kuokotwa, kuoshwa na kurudi kwako kikiwa na kitu kingine ndani.

Ndugu zangu mnaofungasha chakula Thika, Ruiru na kwingineko, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kuchapisha toleo lijalo la mifuko, keti na pakiti yako mezani, umwite mtu asiye wa kiwanda chako, umpe dakika 10 aifungue na kuifunga tena. Ukishindwa kutambua kwamba imefunguliwa, usiiuze. Irekebishe kwanza.